Rehema Kazini: Mwongozo kwa Mkristo Aliyepewa Mamlaka Madogo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Wakristo wanaoishi na kufanya kazi Wazo na jirani zake: Tegeta, Salasala, Madale, Mivumoni, Boko. Haumlengi jaji wala waziri. Unamlenga msimamizi wa zamu, nyapara wa ujenzi, mwenye karakana ya matofali, mmiliki wa bodaboda mbili zilizo mikononi mwa vijana, mweka hazina wa kikoba, mama mwenye mgahawa na mabinti wake wa jikoni, mwenye nyumba anayepangisha vyumba vya uani. Watu hawa hukutana na swali lilelile kila mara: kanuni inasema hivi, na aliyeikosea amesimama mbele yangu akiomba. Nifanye nini?

Majibu tuliyoyazoea ni mawili. La kwanza ni kwamba kanuni ni kanuni, nikimwachia huyu kesho watakuja kumi. La pili ni kwamba sisi sote ni wakosefu, tumwachie Mungu. Jibu la kwanza humfanya Mkristo asitofautiane na daftari la madeni. La pili humfanya mzembe, na mara nyingi gharama ya uzembe huo hulipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba sheria ya haki ni msingi wa nyumba na rehema ndiyo nyumba yenyewe. Bila msingi nyumba huanguka, lakini hakuna anayehamia kwenye msingi akasema amepata makazi.

Maandiko yanavyolipanga jambo hili

Katika Mathayo sura ya 18, Petro anamuuliza Bwana amsamehe ndugu yake mara ngapi, na anajibiwa kwa mfano wa mtumishi aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Inafaa kuzipiga hesabu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua wa siku. Deni la mtumishi yule, basi, lilikuwa ujira wa siku milioni 60. Halilipiki, hata wajukuu wa wajukuu wakiingia kazini. Mfalme akalifuta lote. Mtumishi akatoka, akamkaba koo mwenzake aliyedaiwa naye dinari 100, akamtia gerezani.

Mahubiri mengi hulitaja deni hili la pili kana kwamba ni senti. Nawasihi wahubiri wetu waliangalie tena. Dinari 100 ni ujira wa siku 100. Kwa saidia fundi wa Madale anayelipwa jioni kwa jioni, hiyo ni kodi ya chumba, unga na ada ya mtoto kwa zaidi ya miezi mitatu. Mtumishi yule alikuwa anadai pesa halali, pesa inayouma, na sheria ilikuwa upande wake. Bwana anamhukumu hata hivyo, kwa sababu alikuwa ametoka sasa hivi kusamehewa na hakuruhusu msamaha ule uguse namna anavyodai. Basi mtu asitarajie kwamba atasamehe bila kuumia. Akiona haumii, huenda alichotoa hakikuwa chake.

Injili hiyohiyo inaonyesha kwamba Bwana hakuitupa sheria. Katika sura ya 23 anawakemea waandishi na Mafarisayo waliokuwa wakitoa zaka hata ya mnanaa na bizari huku wakiacha mambo mazito zaidi, yaani adili, rehema na uaminifu. Kisha anasema hayo yalipaswa kufanywa, na yale mengine yasiachwe. Amepanga uzito. Mara mbili, sura ya 9 na ya 12, anawarudisha kwa nabii Hosea, kwamba Mungu anapendezwa na rehema kuliko sadaka. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anaiweka rehema juu ya hukumu waziwazi.

Wengine hudhani rehema ilianza na Agano Jipya na kwamba Torati ilikuwa ya ukali mtupu. Wasome Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Anayekopesha haruhusiwi kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuchukua dhamana. Asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Kama dhamana ya maskini ni nguo yake ya kujifunika, irudishwe jua linapotua apate kulalia. Kibarua alipwe siku ileile, kabla ya jua kuchwa, kwa maana ni maskini na roho yake inautazamia ujira huo. Linganisheni na wanaotoa mikopo ya kausha damu katika mitaa yetu, wanaoingia ndani na kubeba televisheni na jiko la gesi watoto wakiwa wanatazama. Tumewaona, na baadhi yao Jumapili tunapeana nao mkono wa amani.

Katika karne ya 13 Thomas wa Aquino alifafanua kwamba mtu anayedaiwa dinari 100 akalipa 200 hajavunja haki. Ameitimiza kisha akavuka. Ndivyo alivyofanya Boazi. Sheria ilimpa Ruthu haki ya kuokota masazo shambani, na Boazi akawaagiza vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda makusudi wamwachie. Masazo yalikuwa haki ya Ruthu, na masuke yale yalikuwa rehema ya Boazi. Mpaka huo ndio tutakaoutumia katika sehemu zinazofuata.

Usiite rehema kilicho haki

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mwajiri anamruhusu mfanyakazi kwenda kumzika mama yake siku nne, kisha anajisifu kwamba ana huruma. Hana la kujisifia bado. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapougua au kufariki mtoto wake, au anapofiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Baba aliyepata mtoto ana angalau siku 3. Mama aliyejifungua ana siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mgonjwa ana siku 126 ndani ya miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara.

Ni hivyohivyo katika makosa. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinasema kosa la kwanza halitoshi kumfukuza mtu, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike. Kabla ya kuamua kufukuza, mwajiri apime uzito wa kosa, aina ya kazi, na uwezekano wa kosa kurudiwa. Tena amwangalie mtu mwenyewe, amefanya kazi muda gani, rekodi yake ikoje, hali yake binafsi ikoje. Ukisoma vizuri utaona kwamba sheria ya nchi tayari imemwamuru mwajiri kumtazama mtu usoni. Msimamizi anayesema "mimi nafuata sheria tu" huku akimtimua mtu wa miaka minane kwa kuchelewa mara moja, hiyo sheria anayoitaja hajaifungua.

Na kwa makato: chombo kikivunjika au mzigo ukipotea, mwajiri hakati mshahara kwa hasira. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mama mwenye mgahawa anayemnyima binti mshahara wa mwezi mzima kwa sababu ya sufuria iliyoungua ameshuka chini ya sheria. Arudi kwenye haki kwanza. Akitaka kusamehe sufuria, na asamehe baada ya hapo.

Pale sheria inapoishia

Sheria hiyohiyo ina mipaka, na mipaka hiyo inawapitia watu wengi wa Wazo. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hana likizo ya malipo katika sehemu nilizozitaja, wala hapati ulinzi wa kanuni za uachishwaji usio wa haki. Deiwaka wa karakana ya matofali yuko hapo. Anayebeba saruji kwenye maduka ya Tegeta, leo kwa huyu kesho kwa yule, yuko hapo mwaka mzima. Kwa watu hawa karibu kila kitu kimeachwa kwenye dhamiri ya anayewalipa.

Angalia pia orodha ya misiba. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Baba mkwe hayumo. Sote tunajua kwamba wengi waliokuja Dar es Salaam kutoka mikoani walilelewa na shangazi au kusomeshwa na mjomba, na msiba huo kwao ni msiba wa mzazi. Mfanyakazi akija na habari hiyo, fomu itasema hapana. Mkristo aliyeshika fomu anaweza kumpa siku, kumbadilishia zamu, au kumkopesha nauli ya Songea au Bukoba. Hajavunja kanuni yoyote. Ameingia mahali ambapo kanuni imenyamaza.

Mfano mwingine ni wa bodaboda za mkataba. Kijana huleta hesabu kila siku, na muda uliokubaliwa ukiisha pikipiki inakuwa yake. Mikataba mingi inasema akikosa hesabu kwa siku kadhaa, chombo kinarudi kwa mwenyewe. Sasa kijana amebakiza miezi miwili, anagongwa Barabara ya Bagamoyo, mguu unavunjika. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huenda mmiliki ana haki ya kuchukua pikipiki na kumpa mwingine aanze upya. Atapata faida mara mbili kwa chombo kimoja, na hakuna atakayemshtaki. Mkristo na asimamishe hesabu mpaka kijana apone, au amruhusu ndugu yake aendeshe kwa niaba yake. Kama yeye mwenyewe ana shida na lazima auze, basi akae na kijana, wahesabu kilicholetwa, amrudishie sehemu inayostahili. Nimewasikia wamiliki wakijibu kwamba hiyo si biashara. Ni biashara ya mtu aliyesamehewa talanta 10,000.

Somo la hapa hapa

Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, na mji umekikuta pale. Kwa miaka mingi kulikuwa na mgogoro kati ya kiwanda na wakazi wa Chasimba, upande wa Boko, ambao walijenga kwenye ardhi inayomilikiwa na kiwanda. Jambo lilifika mahakamani na mahakama ikakipa kiwanda haki. Kwa sheria kali, yaliyobaki yalikuwa magreda. Mwaka 2017, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, tuliona jambo kama hilo likitekelezwa: nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa, na familia zikabaki juu ya vifusi. Chasimba haikuishia hivyo. Serikali iliingia kati, mazungumzo yakafanyika, na njia iliyochukuliwa ikawa ya wakazi kubaki, maeneo yao yapimwe na yarasimishwe, nao walipie ardhi.

Mambo haya yana siasa na masilahi ndani yake, na simtangazi mtu yeyote kuwa mtakatifu. Ninachotaka tuone ni umbo la suluhisho. Haki ya mwenye ardhi ilitamkwa kwanza, haikufichwa. Kisha mwenye haki hakuitumia hadi ncha yake. Na waliorehemewa wakapewa wajibu wa kulipa. Mwenye nyumba wa Salasala anayemdai mpangaji kodi ya miezi minne anaweza kufuata njia hiyohiyo katika kibaraza chake: deni litajwe lilivyo, mpangaji asirushiwe virago barabarani, na wakubaliane kwa maandishi atalipa nini, lini. Kama deni lenyewe limezidi uwezo wake na mwenye nyumba anaweza kulibeba, alifute kabisa, kisha asilitaje tena.

Cha mwingine si chako kukisamehe

Mweka hazina wa kikoba anapomwachia rafiki yake marejesho bila kuwaambia wenzake, ametoa pesa za wanachama wengine. Hisa zile ni za muuza samaki, za fundi cherehani, za mjane anayesubiri mgawo wa mwisho wa mwaka alipe ada. Huruma yake inaweza kwenda njia tatu zilizo wazi: atoe mfukoni mwake, alipeleke jambo kwenye mkutano, wanachama waamue wenyewe kuongeza muda au kufuta faini, au aombe msaada kutoka mfuko wa jamii, ambao kikundi kiliuanzisha kwa ajili ya siku kama hizo. Wanachama wakikataa, wamekataa. Hana haki ya kuwalazimisha wawe na rehema kwa pesa zao.

Usalama wa watu ni hivyohivyo. Dereva wa lori akiripoti kazini amelewa, msimamizi asimpe funguo kwa sababu ana watoto wanaomtegemea. Barabarani kuna watoto pia, wanavuka kwenda shule. Anyang'anywe funguo, arudishwe nyumbani salama, na kesho kikao kiitishwe. Rehema itakuwa na nafasi yake katika kikao hicho: labda ahamishiwe kazi nyingine akipata tiba, labda apewe onyo la mwisho kwa maandishi.

Na kuna jambo nalisema kwa uzito wote. Binti wa jikoni akidhalilishwa na mpishi au na mteja, mwenye mgahawa hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba yake. Msamaha ni wa aliyeumizwa, naye asishinikizwe kuutoa na mwajiri, mchungaji wala jumuiya. Apelekwe hospitali na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Makanisa yetu yamewahi kuyafunika mambo haya kwa jina la upendo, na waliofunikwa pamoja nayo walikuwa wasichana.

Historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki inatusaidia hapa. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Bukoba na kwingineko Tanganyika, na Kenya, ulijulikana kwa toba ya hadharani, na toba hiyo ilikuwa na mikono: watu walirudisha zana, fedha na mifugo waliyokuwa wameiba, wengine kwa waajiri wao. Walikuwa wamesamehewa, na bado walirudisha, kama Zakayo aliyeahidi kulipa mara nne. Mmoja wa watoto wa Uamsho huo, Festo Kivengere, aliyefundisha Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi nchini Uganda, alikimbia nchi yake baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977. Mwaka huohuo alichapisha kitabu akisema anampenda Idi Amin. Alikuwa amemsamehe, na hakuacha kuzunguka dunia akiyataja maovu ya utawala ule kwa majina yake.

Namna ya kutenda

Kabla ya kuamua, mwite mtu peke yake. Mathayo 18 inaagiza hivyo kabla hata ya kufika kwenye mfano wa madeni. Msikilize mpaka amalize. Mara nyingi sababu ya kweli hutoka mwishoni, baada ya visingizio. Jiulize gharama ya kumwachia itaangukia kwa nani. Ikiwa ni kwako, uko huru. Ikiwa ni kwa mwingine, huyo mwingine ahusishwe. Mnachokubaliana kiandikwe, hata kwa mistari mitatu, ili msimamizi atakayekuja baada yako asimrudie kwa kosa ambalo limekwisha.

Ukishasamehe, usimdhalilishe. Kumtangaza kwenye grupu la WhatsApp la kazini ni adhabu nyingine. Kumfanya afue nguo zako au akulimie uwanja ili "aonyeshe shukrani" ni deni jipya lisilo na mwisho. Na kwa anayerudia kosa lilelile: jibu la Bwana kwa Petro, asamehe sabini mara saba, linahusu moyo wako, usimchukie, halikulazimishi kumrudishia funguo za ghala. Mtu anaweza kusamehewa na akapangiwa kazi isiyomweka jaribuni. Kwa wengine huo ndio wema mkubwa zaidi watakaoupata.

Wengi watakaousoma mwongozo huu watasema hawana mamlaka hata hayo madogo; amri hutoka juu, wao wanapeleka barua tu. Kwao upo Waraka kwa Filemoni. Paulo hakuwa na nguvu ya kisheria juu ya Onesimo, mtumwa wa Filemoni. Paulo mwenyewe alikuwa mfungwa. Alichofanya ni kumwandikia mwenye mamlaka, kumwombea mtu kwa jina, na kuahidi kulipa mwenyewe alichodaiwa. Nawe unaweza. Mwenzako akiitwa kwenye kikao cha nidhamu, Kanuni za 2007 kwa kawaida zinampa angalau saa 48 za kujiandaa, na haki ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Jitolee kuwa huyo. Tumia saa hizo kuandika barua: amefanya kazi miaka mingapi, rekodi yake ikoje, nini kilimpata wiki ile, amekiri nini, na wewe uko tayari kubeba nini, iwe ni kumfundisha tena kazi, kusimama zamu yake ya usiku, au kuchangia hasara. Usiseme uongo kumtetea. Iweke mezani kabla kikao hakijaanza, ubaki na nakala. Akiachishwa na mkaona hakutendewa haki, mwambie mapema kwamba ana siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kisha mwende pamoja.